Mkeka wa Dada Vrunda

Ukitaka kumkasirisha Vrunda Limaye, mwambie kriketi ni mchezo wa vipaji. Ataacha kazi aliyo nayo, hata kama ni kuuza tikiti kwenye dirisha lake la stesheni ya Dadar na foleni imefika kwenye ngazi, akutazame kwa juu ya miwani na kukuuliza:

"Kipaji? Kipaji kimoja kinaweza kudaka pande zote za uwanja? Wanaodaka ni kumi na mmoja, baba. Haya, unakwenda wapi, Thane au Kalyan?"

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti inayofika kabla yake. Timu ya wanawake ya Nandini aliianzisha yeye akiwa bado msichana, pamoja na shoga yake wa tangu darasa la kwanza, Padmaja Ketkar, siku zile wanaume wa uwanja wa Matunga walipokuwa wakiwaambia warudi nyumbani wakakande unga. Hawakurudi. Wakaolewa, wakazaa, wakaota mvi, na kila mvua zilipoanza mwezi wa Juni walikuwa palepale, chini ya hema lao lenye viraka, wakifunga kamba za viatu. Vrunda ndiye aliyekuwa nahodha, ndiye mteuzi, na kwa maneno ya Padmaja, ndiye mama mkwe wa wote.

Uteuzi wake ulikuwa na sheria moja: kwanza mtu, halafu mpira. Kuna mwaka alimwacha nje ya timu msichana aliyekuwa ametoka kupiga mikimbio mia moja, yaani pointi mia, wiki iliyotangulia, kwa sababu msichana huyo alimfokea mzee anayesawazisha uwanja. Mechi ile walishinda bila yeye, na Vrunda akaitembeza hadithi hiyo kila mahali kama picha ya harusi. Ukikaa naye dakika kumi ungeisikia. Ukikaa naye saa nzima ungeisikia tena.

Lakini fahari yake kubwa haikuwa hadithi hiyo. Ilikuwa ni mkeka.

Ulikuwa mkeka wa kawaida wa majani, kingo zake zimeshonwa na kushonwa tena. Siku ya mechi, ikifika saa ya chakula, ulitandikwa chini ya hema na kila mchezaji akaleta mkebe wake alioufungasha nyumbani. Mikebe yote hufunguliwa na kusukumwa katikati, na hapo hakuna ruhusa ya kula cha kwako. Unakula cha mwenzako, naye anakula chako. Wakishamaliza, anayeinuka anaokota mkebe wowote ulio karibu naye na kwenda kuuosha kwenye bomba nyuma ya hema. Kuosha wa kwako ni mwiko. Kwa kuwa Padmaja alikuwa mtu wa mboga kiasi kwamba hata yai likipita barabarani analihisi, mkeka mzima ulikuwa wa mboga. Nafisa, ambaye kwao Mahim mtaa mzima hunukia biriani, alileta viazi vya jira kila wiki mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika.

Hivyo ndivyo Nandini ilivyodumu. Timu nyingine za wanawake ziliundwa kwa kishindo, zikanunua jezi za kupendeza, zikagombana na kuvunjika kabla jezi hazijachuja. Nandini hawakugombana. Hawakuwa bora kuliko wote, la hasha, lakini walikuwa hawajawahi kushuka kutoka daraja la kwanza la ligi ya mvua, na Vrunda alipokuwa amelala kitandani akisikiliza maji yakipiga paa, hilo ndilo jambo lililompa usingizi.

Basi mwaka huo, Juni, akaja Jaywanti.

Alitoka mtaa wa wavuvi wa Worli, binti wa Hirabai muuza samaki. Alikuwa amekua akibeba makapu ya samaki na barafu, na mabega yake yalionyesha. Katika ligi ya mvua hakuna anayefunika uwanja; katikati ni tope, pembeni nyasi zinafika magotini, na warushaji wengi wanateleza mpaka unawaonea huruma. Jaywanti hakuteleza. Alikuja mbio kama mtu anayewahi kitu chake, akarusha, na kijiti cha kati, kati ya vile vitatu anavyolinda mpigaji, kikang'oka na kwenda zake. Mpigaji wa upande wa pili akabaki ameinama, akitazama tope pale mpira ulipogota, kana kwamba ataulizwa baadaye.

"Mungu wangu," alisema Nafisa. "Huyu tumempata wapi?"

"Amekuja mwenyewe," alisema Vrunda, na moyoni akajiona tajiri.

Utajiri huo ulidumu mpaka saa ya chakula. Jaywanti alisogea mkekani pamoja na wengine, akachuchumaa, akatoa mkebe wake uliofungwa kwa mfuko juu ya mfuko. Harufu ilitoka kabla mkebe haujafunguka. Ilikuwa ng'onda, wale samaki wembamba wanaokaushwa kwenye kamba ufukweni. Padmaja akageuza shingo. Vrunda, aliyezoea kuzima moto kabla haujawaka, akaweka kiganja chake juu ya mkebe wa binti, akatabasamu na kusema kwa upole:

"Hapa mkekani ni mboga tu, mwanangu. Usijali. Funga hicho, utakula vyetu."

"Nimeshiba, dada," alisema Jaywanti.

Akafunga mkebe, akainuka, akaenda kukaa nyuma ya rola kubwa la chuma, lile la kusawazishia uwanja. Vrunda akahema kwa raha. Hakuna aliyegombana.

Tangu siku hiyo Jaywanti alikula nyuma ya rola. Mkebe wake aliuosha mwenyewe. Na ulimi wake, ambao siku ya kwanza ulikuwa umetulia, ukapata uhai. Msichana akikosa mpira nyasini, Jaywanti angemwuliza kama anatafuta mpira au anachuma mchicha. Padmaja, aliyekuwa mdakaji wa nyuma ya vijiti, alipoangusha mpira wake kwa mara ya pili katika mechi moja, binti alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni kama yuko sokoni kwa mama yake, akapaza sauti:

"Dada Padmaja! Hiyo ni mikono au chujio?"

Timu pinzani ilicheka mpaka mpigaji wao akaomba dakika ya kujifuta machozi. Padmaja hakucheka. Padmaja alikuwa mwalimu mkuu wa shule, na alikuwa hajaulizwa swali kama hilo tangu azaliwe.

"Anaringa," alisema siku hiyo chini ya hema. "Hataki kula nasi, hataki kusalimia. Anajua anatuangushia vijiti, basi anatuona takataka. Vrunda, kwanza mtu, halafu mpira. Au sheria hiyo ni ya wengine?"

Sheria ni sheria. Vrunda alimwacha Jaywanti mechi iliyofuata, na ile iliyofuata hiyo. Nandini walishindwa zote mbili, na walishindwa kwa upendo mkubwa. Walipigana mabega, wakaambiana hamna neno, wakagawana ndizi, wakaimba njiani kuelekea stesheni. Ungewaona ungedhani wametoka kuchukua kombe. Vrunda aliimba pia, lakini kichwani alikuwa akipiga hesabu, na hesabu ilikuwa mbaya. Ilibaki mechi moja, dhidi ya Vihar. Wakishindwa, wanashuka daraja.

Siku chache kabla ya mechi walikutana hemani. Mvua ilikuwa inashuka kwelikweli, na walilazimika kupaza sauti.

"Tunamhitaji yule binti," alisema Vrunda.

"Akicheza yeye, mimi sichezi," alisema Padmaja.

"Paddu, tafadhali."

"Usiniite Paddu nikiwa nimekasirika. Nimesema. Afadhali tushuke tukiwa wamoja kuliko tubaki juu tukiwa na huyo anayetutukana. Si ndivyo ulivyotufundisha wewe mwenyewe?"

Wengine wakatazama chini, na Vrunda akaona kwamba wako upande wa Padmaja. Hakuwalaumu. Ni maneno yake mwenyewe yaliyokuwa yamemrudia.

"Nitaenda kuongea naye," alisema. "Aje aombe radhi, akae mkekani kama watu. Asipotaka, basi."

Jioni hiyo alipomaliza zamu alipanda basi mpaka Worli. Hakuwahi kuingia mtaa ule. Alizaliwa katika nyumba ambayo samaki hakuwahi kuvuka kizingiti chake, akaolewa katika nyingine kama hiyo, na alipopita kati ya boti zilizopandishwa nchi kavu na kufunikwa kwa maturubai alikuwa anapumua kwa mdomo. Aliulizia kwa Hirabai, akaonyeshwa mlango wa kijani.

Hirabai alikuwa ameketi sakafuni akikata mikia ya ng'onda kwa kisu cha kukalia, kilichosimamishwa kwenye kibao kama mbuzi ya nazi. Alimtazama mgeni kuanzia viatu.

"Wewe ndiye kapteni?"

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuonana na Jaywanti."

"Hajarudi. Kaa." Hakuacha kukata. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyeufunga mkebe wa mwanangu."

Vrunda hakuelewa. "Mimi? Mkebe gani?"

"Mwanangu mimi nilimfungashia chakula alfajiri. Chapati za mchele nimezipiga kwa mkono huu. Ng'onda nimewakaanga na kitunguu. Akaniambia, mama, kule wanakula pamoja, kila mtu anakula cha mwenzake, ongeza. Nikaongeza. Nikaongeza cha watu, unasikia? Akarudi na ile nusu ya watu vilevile. Nikamwuliza, hawakupenda? Akasema hawakuonja. Dada kapteni kaweka mkono juu, kasema funga, utakula vyetu."

"Nilitaka tu asione aibu, mama. Kwetu pale ni mboga. Nilimkaribisha ale."

"Ulimkaribisha!" Kisu kikasimama. "Dada, wewe ni mtu mzima. Mtu anayekula vya watu, chake kimefungwa, huko kwenu mnamwitaje? Huku kwetu tunamwita ombaomba. Ungemwambia usije kabisa, ningekuelewa. Miezi hii ya mvua bahari imefungwa, boti ziko juu, tunakula tulichoanika. Ulitaka nimfungashie nini, maua?"

Vrunda alikitazama kiganja chake mwenyewe. Alikuwa anaiona siku ile yote upya, kiganja chake juu ya mkebe, tabasamu lake, na ile pumzi ya raha aliyoishusha binti alipoondoka. Uso ukamwaka moto. Yeye ndiye aliyeupenda mkeka ule kuliko wote, na ni yeye aliyemfukuza mtu mkekani. Na amefanya hivyo akitabasamu.

Hirabai akamtazama, akalegea kidogo. "Kunywa chai," alisema. "Haina samaki."

Vrunda alikunywa mpaka majani ya chini. Alikuwa bado ameshika kikombe Jaywanti alipoingia, amelowa chapachapa, mfuko wa viatu begani. Alimwona mgeni, akasimama mlangoni.

"Dada Vrunda. Umenifuata mpaka nyumbani kuniacha nje ya timu?"

"Nyamaza, msalimie mtu," alisema mama yake.

"Shikamoo, dada. Umekuja kuniacha?"

"Marahaba. Nilikuja kukutaka uombe radhi," alisema Vrunda.

"Kwa Dada Padmaja? Nitaomba. Lile la chujio lilinitoka, mdomo wangu ni wa sokoni, wala sibishi." Binti alitupa mfuko chini. "Lakini usinitake nije mkekani na viazi. Dada Nafisa anakula nyama kwao, huku analeta viazi, moyo wake umeridhika, sawa. Mimi nyumbani viazi sina, na sitaki kuviazima ili niwapendeze watu. Kama hunipangi kwa sababu sijui kurusha, nitakubali. Ila usiniache halafu mseme ni mimi niliyeharibu upendo wenu."

"Sitasema hivyo," alisema Vrunda. Akaweka kikombe chini. "Na wala sitakutaka uombe radhi mpaka mimi niwe nimeomba. Jumapili lete mkebe wako. Mama, ongeza tena cha watu."

Akiwa kwenye basi la kurudi, amebanwa dirishani, Vrunda alianza kupanga timu kama alivyopanga maisha yake yote, jina baada ya jina. Jaywanti aingie. Sasa nani atoke? Nafisa? Hapana, Nafisa anapiga vizuri kwenye tope. Padmaja? Hata akiangusha, hakuna mdakaji mwingine. Alipitia wote, na kila aliyemfikia alikuwa na sababu ya kubaki. Mpaka akafika kwa jina la mwisho, ambalo hakuwahi kulipitia kwa sababu alilichukulia kama nguzo ya hema.

Misimu miwili sasa gongo lake la kupigia halikuwa limefanya kitu cha maana. Magoti yalikuwa yanagoma. Mipira ilipita karibu naye nyasini na wasichana wakakimbia kumfichia aibu. Na kila wiki alijipanga, na kila wiki hakuna aliyesema neno, kwa sababu Nandini hawasemani. Aliyekuwa akipangwa kwa upendo bila mpira, tena kwa miaka miwili, ni yeye. Ilimuuma. Alitazama nje, mvua ikimwagika kwenye kioo, akajifuta macho kwa upindo wa sari, na mwanamume aliyesimama karibu naye akadhani dirisha linavuja.

Jumapili mvua ilikuwa ya manyunyu. Wachezaji wote walikuja, na Padmaja pia alikuja, amevaa nguo nyeupe za mchezo, lakini amekaa pembeni mikono kifuani, ili kila mtu aone kwamba hachezi.

"Jaywanti anacheza," alisema Vrunda.

"Basi mtafute mdakaji," alisema Padmaja, akainuka.

"Mdakaji ni wewe. Na kapteni ni wewe."

"Ati nini?"

"Mimi nimejitoa. Nafasi aliyoingia Jaywanti ni yangu."

Nafisa aliweka mkono mdomoni. Padmaja alimsogelea shoga yake mpaka wakakaribia kugusana pua.

"Umerukwa na akili wewe."

"Bado. Nimehesabu mikimbio yangu tu, na wewe unaijua, Paddu, ila ulikuwa unanionea haya. Sasa timu ni yako. Ukitaka kumsimamisha huyu binti nyasini mpaka jioni bila kumpa mpira, ni shauri lako, siingilii. Lakini tukishuka daraja, tutashuka chini ya nahodha mmoja tu, na jina lake ni mwalimu mkuu Padmaja Ketkar."

Padmaja alimkodolea macho. Kisha akashika glovu zake.

"Wewe ni mwanamke mbaya sana, Vrunda."

"Najua, shoga. Nenda, mwamuzi anakusubiri."

Nandini walianza kupiga. Mpira ulikuwa unazama topeni na mikimbio ilitoka kwa shida kama jino. Walipomaliza walikuwa na kiasi cha kutia huruma, na Vihar walitoka uwanjani wakipongezana kana kwamba wameshamaliza kazi. Ikawa saa ya chakula.

Vrunda alikuwa na nafasi ya kutosha siku hiyo. Alikuwa hana mechi. Alikuwa ameutandika mkeka, ameupangusa. Mikebe ilipoletwa, aliinuka mwenyewe, akaenda mpaka nyuma ya rola, ambako Jaywanti alikuwa ameshakaa kwa mazoea, akamchukua binti kwa mkono mmoja na mkebe kwa mkono wa pili. Akamkalisha. Akakaa. Akafungua mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, akafungua mkebe na kuusukuma katikati, palepale alipouzuia. Harufu ikajaa hemani.

"Sikilizeni," alisema. "Mlisema huyu anaringa, hataki kula nasi. Siku ya kwanza alikuja hapa na chakula cha kwao, na ni mimi niliyeweka mkono juu ya mkebe wake. Nilimwambia afunge. Kosa ni langu, wala si lake. Jaywanti, nisamehe."

Jaywanti alikuwa ameinamisha kichwa.

Vrunda hakula samaki; hakutaka kujifanya asichokuwa. Lakini chapati za mchele zilikuwa zimelala juu ya ng'onda, zimeshika mafuta na harufu yao, naye akachukua moja, akaikunja, akaila mbele ya wote. Ilikuwa laini ajabu. Hakutegemea iwe laini hivyo.

Kisha mkono wa Nafisa ukapita katikati ya mkeka.

"Jamani, leteni hicho huku! Miaka yote nabeba viazi vya jira kwa ajili ya mapenzi, leo Mungu kanikumbuka." Akatia ng'onda mdomoni, akafumba macho. "Jaywanti, mama yako anakubali wageni?"

Wasichana wawili wakacheka, mmoja wao akanyoosha mkono. Padmaja alivuta mkebe wake wa dengu mpaka ncha ya mbali kabisa ya mkeka, akakaa huko akiwa amewapa mgongo, akala. Lakini alikaa mkekani. Vrunda aliliona hilo.

Mchana Vihar walianza kupiga, na Padmaja hakumpa Jaywanti mpira. Alimpa huyu, akampa yule. Vihar walipiga kwa raha zao, huku Vrunda, aliyekatazwa na ahadi yake mwenyewe kufungua mdomo, akitafuna upindo wa sari. Hakujua kama kutazama ni kugumu hivi. Mikimbio iliyobaki ikawa inahesabika. Hapo Padmaja akasimama, akautazama mpira mkononi mwake kama mwanafunzi aliyechelewa, kisha akamrushia binti wa Worli.

"Unataka watu wakae wapi?" alimwuliza kwa ukali.

"Karibu, dada. Wote karibu. Na wewe rudi nyuma hatua kidogo, huu utaruka." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Na lile la chujio, dada, samahani."

"Rusha mpira," alisema Padmaja. Lakini alirudi nyuma.

Aliyeona yaliyofuata ataendelea kuyasimulia mpaka azeeke, na hatahitaji kutia chumvi. Jaywanti alikuja mbio katika tope lile, na vijiti vikaanza kulala kimoja baada ya kingine. Wasichana waliokuwa wakimnunia walijikuta wakipiga makofi kwanza, halafu wakipiga kelele, halafu wakijitupa chini kuzuia mipira yake kwa matumbo. Nafisa alidaka mmoja akiwa amelala kifudifudi nyasini, na kilichoonekana ni mkono tu umeshika mpira. Hakuna aliyewaamuru. Vrunda alikuwa amesimama bila kujua amesimama lini.

Nandini walibaki na mpigaji mmoja wa kutoa, na Vihar walihitaji pigo moja zuri tu. Jaywanti akarusha. Gongo likauchubua mpira kidogo tu, ukaruka pembeni, chini, mbali. Padmaja, mwalimu mkuu, mwanamke wa heshima zake, akajitupa hewani na kutua kwenye dimbwi kwa uso. Kisha akainuka, tope mpaka kwenye nyusi, na mpira juu.

"We binti!" alinguruma. "Chujio hili, eh? Chujio limekamata nini?"

"Limekamata papa, dada!" alipiga kelele Jaywanti, naye tayari alikuwa anakimbia, na wakagongana katikati na kuanguka pamoja, na wengine wote wakawalalia juu.

Vrunda hakukimbilia kule. Mechi ilikuwa yao. Alibaki chini ya hema, machozi yakimtoka, akijivunia watu wale kuliko alivyowahi kujivunia chochote alichokipiga kwa gongo lake. Alijua pia kwamba msimu ujao jina lake halitakuwamo, na kwamba hakuna atakayekuwa mkorofi kiasi cha kumtaka arudi. Vyote viwili vilikuwa kifuani, na kimoja hakikukifukuza kingine.

Walirudi wakiwa wametapakaa tope, wakamkumbatia mpaka miwani ikapinda. Halafu wakaanza kukusanya vitu, pamoja na mikebe ambayo siku hiyo ilikuwa haijaoshwa. Vrunda aliketi mkekani kupumzisha magoti, na kutoka nyuma ya hema, kwenye bomba, akasikia sauti mbili.

Akachungulia. Padmaja alikuwa ameinama bombani. Mkono mmoja umekamata mtandio puani, mkono mwingine unasugua mkebe wa Jaywanti kwa majivu, na uso ameugeuza upande wa stesheni.

"Harufu hii haitanitoka mkononi mpaka Diwali," alikuwa akilalama.

"Basi vizuri, dada, mpira utanata," alisema Jaywanti, aliyekuwa ameshika mkebe wa dengu. "Sugua na pembeni. Hapo umeruka."

"Usinifundishe kuosha vyombo, wewe."

"Nani anakufundisha? Nakuonyesha tu ulipoacha kipande."

"Sijaacha!"

"Umeacha. Kile kichwa cha samaki kinakutazama."

Padmaja akapiga ukelele, mkebe ukaanguka bombani kwa kishindo, na ugomvi ukaanza wa nani auokote. Mwaka wowote mwingine Vrunda angekuwa ameshafika pale kuwasuluhisha. Safari hii hakuinuka. Alivuta miguu yake mkekani, akatafuta kwenye kifuniko kilichobaki chapati ya mwisho ya mchele, na akaila taratibu huku akiwasikiliza.